Jicho Kabla ya Mkono: Sifa za Kwotabeki katika Michezo ya Uigaji

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa maarifa hushinda nguvu. Methali hii hutajwa sana madarasani na katika insha za wanafunzi, lakini ni nadra kupata uwanja ambamo mtu anaweza kuipima kwa tarakimu. Michezo ya uigaji inayochezwa kwenye intaneti imeleta uwanja wa aina hiyo. Humo, sifa za binadamu hugeuzwa kuwa alama, nguvu ikapewa tarakimu yake na maarifa yakapewa yake, kisha mwenye kucheza akatakiwa kuamua ni ipi ataigharimia kwanza.

Miongoni mwa michezo hiyo ni ile inayoiga futiboli ya Kimarekani. Mchezo huu si kandanda wala si raga, ingawa una nasaba na yote mawili. Kila upande huwa na wachezaji 11. Uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli mmoja hadi wa pili, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Kiongozi wa mashambulizi huitwa kwotabeki. Takriban kila jaribio huanza kwa yeye kuupokea mpira, na papo hapo hana budi kuamua: aurushe kwa mmojawapo wa wapokeaji, amkabidhi mwenzake akimbie nao, au akimbie nao mwenyewe. Anapoamua kurusha, kwa kawaida huwa na sekunde mbili na nusu hadi tatu tu kabla ya kufikiwa na majitu yanayotaka kumwangusha.

Katika baadhi ya michezo hii ya uigaji, mmiliki wa timu hashiki usukani wakati wa pambano. Kazi yake ni kumlea kwotabeki wake: hupewa pointi chache, akazigawa baina ya nguvu za mkono, ulengaji shabaha, utambuzi, utulivu, kasi na wepesi. Baadaye programu huendesha pambano, naye hutazama matunda ya mgao wake. Aghalabu mmiliki mgeni huanza na mkono na miguu. Makala haya yanashikilia kuwa mpangilio huo umepinduka. Utambuzi ndio unaostahili kutangulia, ufuatwe na shabaha, kisha utulivu. Nguvu na kasi zije nyuma. Tena yanadai kuwa suala hili lina uzito unaopita burudani, kwani mpangilio huohuo wa sifa ndio uliotumiwa na wenye mamlaka kuwafungulia watu milango ya riziki au kuwafungia.

Mizani ya Sekunde

Hoja ya kwanza ni ya hesabu. Mpira uliorushwa kwa mwendo wa maili 50 kwa saa husafiri takriban yadi 24 kwa sekunde. Kwa hivyo, pasi ya yadi 24 hukaa hewani muda wa sekunde moja hivi. Tuseme mmiliki ametumia pointi nyingi kuongeza nguvu za mkono hata mwendo wa mpira ukapanda kwa asilimia 10. Amechuma nini? Chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sasa mlinganishe na mwenzake ambaye alizitia pointi zake katika utambuzi, na kwotabeki wake akaweza kumwona mpokeaji aliye huru nusu sekunde mapema. Huyu wa pili amechuma mara tano ya yule wa kwanza, na mpira wake umeshafika hali ule wa jitu lenye mkono wa chuma ungali mikononi.

Isitoshe, nguvu ni sifa yenye kikomo cha manufaa. Kuna kiwango ambacho kwotabeki hana budi kukifikia: sharti aweze kuupitisha mpira kutoka katikati ya uwanja hadi ukingoni kabla ya mlinzi kuuingilia. Akishakipata kiwango hicho, ziada yake huhitajika mara chache, kwa sababu pasi nyingi katika mchezo huu ni fupi na za wastani. Utambuzi kwa upande wake huhitajika katika kila jaribio, hata pale ambapo uamuzi bora ni kutorusha kabisa. Aidha, michezo mingi ya aina hii huongeza gharama ya sifa kadiri inavyopanda. Anayetaka kuufikisha mkono kileleni hununua tone kwa bei ya mtungi, ilhali shabaha na utambuzi vimesalia chini, mahali ambapo pointi hizohizo zingalimfaa maradufu.

Chanzo cha Kuvutiwa na Miguu

Yafaa kuuliza ni kwa nini basi watu wengi hutanguliza mkono na miguu. Sehemu ya jibu imo katika historia ya michezo ya kompyuta yenyewe. Mchezo mashuhuri zaidi wa futiboli ya Kimarekani, unaobeba jina la kocha John Madden aliyefariki mwaka 2021, ulianza kuuzwa mwaka 1988. Katika toleo lililoitwa Madden NFL 2004, lililotoka mwaka 2003, kwotabeki Michael Vick wa Atlanta alipewa alama 95 za kasi kati ya 99. Vijana walioshika kidhibiti walimkimbiza Vick walivyotaka, na walinzi wa upande wa pili wakabaki kula vumbi. Hadi leo Vick huyo wa kompyuta angali anatajwa kuwa miongoni mwa wachezaji wasiokamatika kuwahi kuundwa.

Hata hivyo, jambo moja husahauliwa. Katika mchezo wa kidhibiti, macho si ya kwotabeki. Ni ya kijana aliyeketi mbele ya runinga. Yeye ndiye anayeona mpokeaji yupi yuko huru, na yeye ndiye anayeamua. Kwa hivyo alama za utambuzi za Vick hazikuwa na kazi kubwa: mchezaji wa kompyuta alikodisha miguu na mkono, ubongo akauleta mwenyewe. Uwanjani, Vick wa nyama na damu hakuwa na wa kumwazima macho. Mwaka 2006 alikuwa kwotabeki wa kwanza kukimbia zaidi ya yadi 1,000 katika msimu mmoja, ila msimu huohuo pasi zake zilizowafikia wenzake zilikuwa asilimia 52.6 tu.

Watengenezaji wenyewe waliling'amua pengo hilo. Katika toleo la Madden NFL 06 walianzisha mwale wa nuru uliotoka kwa kwotabeki na kuonyesha eneo aliloweza kuliona. Mwale wa Peyton Manning, aliyesifika kwa kuusoma mchezo, ulitanda karibu uwanja mzima. Wa kwotabeki wa kiwango cha chini ulikuwa mwembamba kama ufa wa mlango. Wachezaji wengi walilalamika kuwa mwale huo unawatatiza, na ukaondolewa katika matoleo ya baadaye. Malalamiko yao yalikuwa ushahidi tosha: pindi utambuzi ulipopewa uzito wake wa kweli, mchezo uligeuka kuwa mgumu. Katika uigaji ambamo mmiliki hutazama tu, mwale huo ungalipo ingawa hauonekani. Anayemlea kwotabeki wake kana kwamba bado ameshika kidhibiti humpeleka kipofu vitani.

Ushahidi wa Uwanjani

Historia ya mchezo halisi inaliunga mkono dai hili. Mwaka 1969 timu ya Cincinnati ilikuwa na kwotabeki chipukizi aliyeitwa Greg Cook, kijana mwenye mkono wa ajabu. Akaumia bega. Mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Virgil Carter, ambaye mkono wake haukuwa wa kuogofya mtu. Kocha msaidizi Bill Walsh hakumlazimisha Carter kuwa Cook. Aliunda mtindo wa pasi fupi zinazorushwa kwa wakati maalumu, mtindo unaodai jicho na shabaha kuliko misuli. Cincinnati ilishinda kundi lake mwaka 1970, na mwaka 1971 Carter aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizofika, yaani 62.2. Mwaka huohuo wa 1971, Carter na mwenzake Robert Machol walichapisha makala ya kitaaluma iliyokadiria kwa hesabu thamani ya kuwa na mpira katika kila sehemu ya uwanja. Msomi huyo mwenye mkono wa kawaida ni miongoni mwa waasisi wa fikra ya kuupima mchezo huu kwa tarakimu, fikra ambayo michezo ya uigaji imerithi.

Walsh aliubeba mtindo wake hadi San Francisco. Huko, mwaka 1979, timu yake ilimteua Joe Montana akiwa wa 82 katika uteuzi wa wachezaji wapya. Montana alishinda fainali nne za Super Bowl, na katika zote nne hakurusha hata pasi moja iliyodakwa na wapinzani. Tom Brady aliteuliwa wa 199 mwaka 2000, baada ya makwotabeki sita kutangulizwa mbele yake. Mbio zake za yadi 40 zilimchukua sekunde 5.28, mwendo ambao haungemtisha mtu. Alipostaafu kabisa mwaka 2023 alikuwa na mataji saba ya Super Bowl. Kinyume cha hao, mwaka 2007 timu ya Oakland ilimteua JaMarcus Russell awe wa kwanza kabisa. Mkono wake ulisifiwa kote. Mwaka 2010 aliachwa na timu hiyo, na hakucheza tena katika ligi.

Mifano hii haikusudiwi kumkejeli yeyote. Kosa ni la mizani iliyotumiwa. Mkono hupimwa kwa saa na kwa futi katika alasiri moja, mbele ya macho ya kila mtu. Utambuzi huchukua misimu kudhihirika. Wateuzi walikipa thamani kile kilichopimika upesi, na mmiliki mgeni wa timu ya uigaji hufanya vivyo hivyo.

Hoja za Upande wa Pili

Wapo watakaopinga kwa kusema kuwa nguvu ni kipaji cha kuzaliwa na shabaha hufundishika; basi afadhali kuanza na kile kisichofundishika. Wanaweza kumtaja Josh Allen wa Buffalo. Mwaka wake wa kwanza, 2018, pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8, na wengi walimkatia tamaa. Mwaka 2020 alifikia asilimia 69.2, na msimu wa 2024 akatawazwa mchezaji bora wa ligi. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini itazamwe vyema: mkono wa Allen ulikuwa uleule mwaka 2018 na mwaka 2020. Kilichobadilika ni shabaha na uamuzi, na kilipobadilika, ndipo mkono ulipoanza kuzaa matunda. Hali kadhalika, sheria ya kipaji cha kuzaliwa haina nguvu katika uigaji wa aina hii, kwa kuwa humo kila sifa hununuliwa kwa pointi. Mmiliki ana uhuru ambao hakuna kocha aliyewahi kuupata, naye huutumia kuiga makosa ya makocha.

Wengine watamtaja Lamar Jackson wa Baltimore, aliyekimbia yadi 1,206 mwaka 2019 na kuteuliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote. Ni kweli kuwa miguu yake ni neema. Lakini mwaka huohuo aliongoza ligi kwa pasi 36 za kufunga. Mlinzi aliyeiogopa miguu aliuawa na jicho. Miguu ni kitoweo. Mlo wenyewe ni kusoma mchezo.

Jicho na Rangi ya Ngozi

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la burudani. Ikiwa utambuzi ndio sifa kuu, basi swali linalofuata ni hili: nani huamua ni nani anao? Kwa miongo mingi Marekani ilijibu swali hilo kwa kutazama ngozi. Wachezaji weusi waliokuwa makwotabeki vyuoni waliambiwa, walipoingia katika ligi ya kulipwa, wahamie nafasi nyingine, kwa dhana kwamba wana miguu na mikono lakini hawana kichwa cha kuongoza.

Marlin Briscoe alicheza kama kwotabeki wa Denver mwaka 1968 na kurusha pasi 14 za kufunga akiwa mgeni. Mwaka uliofuata hakupewa nafasi hiyo tena. Alikwenda Buffalo na kugeuzwa mpokeaji. Warren Moon, baada ya kung'ara chuoni, hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 1978. Alivuka mpaka hadi Kanada, akashinda ubingwa wa huko mara tano mfululizo na timu ya Edmonton, na ni mwaka 1984 tu alipopata kucheza katika ligi ya nyumbani. Mwaka 2006 alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la futiboli ya kulipwa. Mwezi Januari 1988 Doug Williams aliiongoza Washington kuishinda Denver kwa 42 kwa 10 katika Super Bowl, akirusha pasi nne za kufunga katika robo moja tu ya mchezo. Na bado mwaka 2018, kabla ya uteuzi, Lamar Jackson alishauriwa hadharani kuwa afadhali awe mpokeaji. Ilipofika Februari 2023, Patrick Mahomes na Jalen Hurts walikutana katika Super Bowl ya kwanza kuanzishwa na makwotabeki weusi pande zote mbili.

Wapo waliodhani kuwa mtihani wa maandishi ungeondoa upendeleo. Kwa miaka mingi wachezaji wapya walipewa mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12. Ligi iliacha kuutumia katika majaribio yake ya kila mwaka mnamo 2022. Kujibu maswali karatasini ni jambo moja. Kumwona mlinzi anayejificha nyuma ya mwenzake huku unashambuliwa ni jambo jingine.

Somo kwa watengenezaji wa michezo ya uigaji li wazi. Wanapoiga wachezaji halisi, alama ya kasi hutoka katika saa, bali alama ya utambuzi hutoka katika maoni ya mtu. Maoni yakiwa na doa, doa hilo huingia katika tarakimu, na tarakimu haina uso wa kuona haya. Kwa hivyo, kutanguliza utambuzi kunadai sharti: utambuzi upimwe kwa yale ambayo kwotabeki ameyatenda uwanjani, yaani pasi zilizofika, mipira iliyodakwa na wapinzani na muda aliotumia kuamua, wala usipimwe kwa sura yake.

Lugha ya Sifa

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana la kuchangia katika mjadala huu. Michezo mingi ya uigaji huiweka sifa hii yote chini ya neno moja la Kiingereza lenye maana ya kuwa macho. Neno hilo ni kapu: ndani yake mna mambo manne ambayo Kiswahili huyatenganisha bila taabu. Kuna kuona, yaani mlinzi na mpokeaji kuingia machoni. Kuna kutambua, yaani kujua maana ya kile kilichoonekana. Kuna kuamua, yaani kuchagua moja na kuacha mengine. Na kuna kutulia, yaani kuyafanya hayo yote bila kubabaika. Mtu anaweza kuona asitambue, akatambua asiamue, akaamua asitulie.

Istilahi hizi nne zingeweza kuwa safu nne za alama mahali pa moja. Kapu likishafunguliwa, huwa vigumu kwa mpimaji kusema kwa ujumla kwamba fulani hana kichwa. Atatakiwa aseme ni kipi kati ya vinne hivyo kinachokosekana, na atoe ushahidi. Dhana pana ni maficho mazuri ya ubaguzi. Istilahi mahususi huuanika juani. Wanaounda istilahi za teknohama hawana budi kukumbuka kuwa kazi yao haiishii katika kutafuta neno mbadala la kila neno la kigeni. Wakati mwingine neno la kigeni lenyewe limebeba zaidi ya linavyostahili, na tafsiri bora ni ile inayolipasua.

Hitimisho

Mmiliki wa timu ya uigaji anayetaka ushindi na aanze kwa utambuzi, aufuatishe ulengaji shabaha, kisha utulivu chini ya shinikizo. Mkono aupe nguvu za kutosha kazi, asiupe za kujionyeshea. Kasi aiongeze mwisho, kwa pointi zitakazosalia. Misimu ya mwanzo huenda ikamwonyesha pasi chache za kushangiliwa, lakini mipira yake itafika.

Zaidi ya hayo, ni vyema kila anayegawa alama, awe kwenye kompyuta, katika ofisi ya ajira au mezani akisahihisha karatasi za mtihani, ajiulize kama anakithamini kitu kwa kuwa kina faida au kwa kuwa ni rahisi kukipima. Virgil Carter hakupewa mkono wa Greg Cook. Alipewa kocha aliyejua kutazama, na hilo likatosha kuubadili mchezo.